Mtambo wa Kijiji na Gridi: Mlinzi wa Swichi Awekewe Mipaka Gani?

Vijiji vyetu vingi sasa vina umeme. Vingine vinapata umeme wa gridi ya taifa. Vingine vina mtambo wao mdogo unaozungushwa na maji ya mto. Na vipo vinavyotumia yote mawili. Mto ukijaa, umeme unaozidi unauzwa kwenye gridi. Kiangazi maji yakipungua, gridi inasaidia.

Mpango huo ni mzuri. Lakini una dakika moja ya hatari. Ni ile dakika ya kuunganisha mtambo na gridi. Ukiunganisha vibaya, shafti ya mtambo inaweza kupinda au kukatika. Koili za jenereta zinaweza kulegea. Swichi yenyewe inaweza kupasuka mbele ya mtu. Mtambo ambao watu wameuchangia kwa miaka unaharibika kabla hujapepesa jicho. Zahanati inakosa taa, mashine ya kusaga inasimama, na friji ya chanjo inapata joto.

Kipo kifaa kinacholinda dakika hiyo. Mafundi huita rilei ya kukagua mwendo. Kwenye michoro yao huiandika kwa namba 25. Katika toleo hili tunaeleza kazi ya rilei hiyo na jinsi mipaka yake inavyochaguliwa. Si kwamba kila msomaji ataiseti mwenyewe. Hapana. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni. Lakini mtambo ni mali ya kijiji, na mwenye mali lazima ajue cha kumuuliza fundi.

MAHALI UMEME UNAPOKUTANA

Umeme wa nyumbani una volti 230. Lakini umeme unaosafiri kwenye nguzo kutoka kijiji hadi kijiji una nguvu kubwa zaidi. Laini nyingi zina volti 11,000 au 33,000, yaani kilovolti 11 au 33. Huo huitwa umeme wa msongo wa kati. Transfoma ndiyo inayopunguza msongo huo kabla umeme haujaingia nyumbani.

Laini za msongo wa kati zina swichi kubwa. Swichi hizo huwekwa ndani ya makabati ya chuma. Mafundi huita makabati hayo swichigia, na swichi yenyewe huiita breka. Breka ikishika, umeme unapita. Breka ikikata, umeme unasimama.

Mfano tunao hapa nchini. Wilayani Mufindi, mkoani Iringa, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012. Unauza umeme kwa TANESCO na pia unahudumia vijiji vya jirani. Mtambo wa namna hiyo lazima uwe na breka inayoukutanisha na gridi. Na kwenye breka ya namna hiyo lazima pawe na mlinzi.

TUTUMIE BAISKELI MBILI

Umeme wa gridi hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Kipimo chake huitwa hezi. Ndiyo maana tunasema umeme wetu ni wa hezi 50.

Ili kuelewa jambo hili, chukua baiskeli mbili. Zigeuze, magurudumu yawe juu. Funga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma la kila baiskeli. Mwenzako azungushe pedali ya moja, wewe uzungushe ya nyingine. Gurudumu lake ni gridi. Gurudumu lako ni mtambo wa kijiji.

Sasa fikiri unataka kuyafunga magurudumu hayo mawili kwa chuma, yakiwa yanazunguka. Utafanyaje yasivunjike?

Kwanza, kasi iwe moja. Kama lako linakimbia zaidi, chuma kitakunjwa.

Pili, vitambaa viwe mahali pamoja. Kitambaa chake kikiwa juu, na chako kiwe juu. Umbali kati ya kitambaa na kitambaa huitwa pembe, na hupimwa kwa digrii. Mzunguko mzima ni digrii 360. Kimoja kikiwa juu na kingine chini kabisa, pembe ni digrii 180.

Tatu, kwa upande wa umeme, msongo nao ulingane. Ni kama matangi mawili ya maji yaliyoungwa kwa bomba. Kama maji ya tangi moja yako juu sana, ukifungua koki yatakimbia kwa nguvu kwenda kwenye lile lingine.

Basi mambo ya kukagua ni matatu: msongo, kasi na pembe.

PEMBE NDOGO SI NDOGO

Mtu anaweza kusema, "Digrii 20 ni kitu gani? Ni kidogo tu." Tufanye hesabu. Msongo wa pande zote mbili ukiwa sawa, na pembe ikiwa digrii 10, tofauti iliyopo kati ya meno mawili ya breka ni kama asilimia 17 ya msongo wote. Pembe ikiwa digrii 20, tofauti ni kama asilimia 35. Ikifika digrii 60, tofauti ni sawa na msongo wote mzima. Ikifika digrii 180, tofauti ni mara mbili ya msongo wote.

Na nani ataumia? Gridi ni kubwa, ina mitambo mingi iliyofungwa pamoja. Haitayumba kwa ajili ya mtambo wa kijiji. Mtambo wa kijiji ndio utakaovutwa kwa ghafla mpaka ulingane na gridi. Ni kama ndama aliyefungwa nira moja na maksai aliyekomaa. Maksai akianza kuvuta, shingo ya ndama ndiyo inayoumia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mipaka huchaguliwa kwa kumwangalia yule mdogo, si yule mkubwa.

RILEI HAIREKEBISHI, INARUHUSU TU

Hapa wengi hukosea. Rilei ya kukagua mwendo haiongezi kasi ya mtambo wala haipunguzi. Haipandishi msongo. Kazi hizo ni za mwendeshaji, au za mashine nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Rilei ni mlinzi wa lango. Inatazama pande mbili. Mwendeshaji anapobonyeza kitufe, rilei ikiona mambo yako ndani ya mipaka, inaruhusu breka ishike. Ikiona hayako ndani ya mipaka, inakataa, hata ubonyeze mara mia.

Mlinzi huyo hupewa mipaka minne: tofauti ya msongo, tofauti ya kasi, pembe, na muda wa kusubiri. Muda wa kusubiri maana yake ni hivi: pembe ikiingia ndani ya mpaka, rilei haisemi ndiyo papo hapo. Inasubiri kidogo ione kama kweli mambo yametulia.

NAMBA ZA KUANZIA

Kabla ya yote fundi asome kitabu cha mtengenezaji wa jenereta na masharti ya shirika lenye gridi. Hayo ndiyo ya kufuatwa kwanza. Lakini ili tupate picha, tuangalie kiwango kimoja kinachojulikana duniani. Ni kiwango namba 1547 cha chama cha wahandisi kiitwacho IEEE, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Kiwango hicho kinagawa mitambo kwa ukubwa wake. Ukubwa huo hupimwa kwa kVA.

Mtambo usiozidi kVA 500: tofauti ya kasi isizidi hezi 0.3, msongo usipishane zaidi ya asilimia 10, pembe isizidi digrii 20.

Mtambo wa zaidi ya kVA 500 hadi 1,500: kasi hezi 0.2, msongo asilimia 5, pembe digrii 15.

Mtambo wa zaidi ya kVA 1,500 hadi 10,000: kasi hezi 0.1, msongo asilimia 3, pembe digrii 10.

Mmeona? Mtambo ukiwa mkubwa zaidi, mipaka inabana zaidi. Na hizi ni namba za mwisho, za wakati breka inaposhika. Ni kama ukingo wa shimo. Mtu mwenye akili hajengi nyumba ukingoni.

MLINZI MLEGEVU NI HATARI

Breka haishiki mara moja. Tangu ipewe amri mpaka meno yagusane, breka nyingi za msongo wa kati huchukua muda mfupi usiozidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwetu sisi muda huo si kitu. Kwa umeme ni muda mrefu.

Tuseme kijiji kina mtambo wa kVA 300. Fundi anasoma kiwango, anaona hezi 0.3 na digrii 20. Anaziandika hivyo hivyo kwenye rilei. Je, amefanya vizuri?

Tupige hesabu. Tofauti ya kasi ikiwa hezi 0.3, kitambaa cha mtambo kinakipita cha gridi kwa digrii 108 kila sekunde. Tumepata 108 kwa kuzidisha 0.3 kwa 360. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde kinakwenda digrii 11 hivi. Sasa rilei inaweza kuruhusu pembe ikiwa digrii 20 na inazidi kupanuka. Breka inaposhika, pembe imekwisha kuwa digrii 31. Ukingo umepitwa. Kwa hiyo namba ya kitabu si namba ya kuandika kwenye rilei. Lazima ubakize nafasi ya breka.

MLINZI MKALI MNO NAYE NI HATARI

Fundi mwingine anaogopa. Anasema, "Mimi nitabana kabisa." Anaandika pembe digrii 10 na muda wa kusubiri sekunde 2. Ni salama? Karatasini ni salama sana. Twende kwenye mtambo.

Mtambo wa maji wa kijiji hautulii kama wa mjini. Majani yanaziba wavu wa mfereji. Mtu anawasha mashine ya kusaga, mtambo unapungua kasi. Anaizima, unakimbia. Tuseme mwendeshaji amejitahidi mpaka tofauti imebaki hezi 0.1 tu. Hiyo ni kazi nzuri. Kwa tofauti hiyo, vitambaa hukutana mara moja kila sekunde 10, na pembe hubadilika digrii 36 kila sekunde.

Mpaka wa digrii 10 maana yake ni digrii 10 kabla ya kukutana na digrii 10 baada ya kukutana. Jumla ni digrii 20. Kwa mwendo wa digrii 36 kwa sekunde, digrii 20 hupitwa kwa sekunde 0.56, yaani nusu sekunde na kidogo. Lakini rilei inataka kuona sekunde 2 nzima! Haitaruhusu kamwe. Ili iruhusu, tofauti ya kasi iwe chini ya hezi 0.028. Mtambo mdogo wa kijiji hauwezi kutulia namna hiyo.

Basi mwendeshaji anabonyeza usiku kucha. Watu wanalalamika wako gizani. Mwishowe mtu mmoja anakumbuka kwamba kwenye kabati ipo swichi ya kuiruka rilei. Anaigeuza. Anabahatisha kwa macho. Siku ya kwanza anapata, siku ya pili anapata, siku ya tatu shafti inalia.

Tukumbuke jambo hili: mlinzi mkali kupita kiasi hufukuzwa kazi, na lango hubaki wazi. Mipaka isiyowezekana ni sawa na kutokuwa na mipaka.

TUTAFUTE KATIKATI

Kwa mtambo ule ule wa kVA 300, tuache pembe digrii 10, lakini tupunguze muda wa kusubiri uwe nusu sekunde. Na mpaka wa kasi tuuweke hezi 0.1. Sasa digrii 20 kwa nusu sekunde ni digrii 40 kwa sekunde, yaani hezi 0.11. Mwendeshaji aliyefika hezi 0.1 ataruhusiwa.

Je, kuna usalama? Tuchukue hali mbaya kabisa. Rilei inaruhusu pembe ikiwa digrii 10 na inapanuka. Breka inachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pembe inaongezeka digrii 3.6. Inaposhika, pembe ni kama digrii 14. Ukingo ni digrii 20. Tuna nafasi, na kazi inawezekana. Huo ndio uchaguzi mzuri.

Namba hizi ni za mfano wetu. Mtambo wa kijiji chako una namba zake. Lakini hesabu ni ile ile, na fundi awafanyie mbele yenu.

Kwa mwendeshaji tunaongeza neno moja. Mtambo uwe na kasi kidogo tu zaidi ya gridi, usiwe nyuma. Ukiwa mbele kidogo, breka ikishika mtambo unaanza kutoa umeme. Ukiwa nyuma, gridi ndiyo itakayousukuma.

UPANDE MMOJA UKIWA HAUNA UMEME

Kuna siku gridi inakatika. Hapo hakuna pande mbili za kulinganisha. Mafundi husema upande mmoja uko hai na mwingine umekufa. Rilei nyingi zinaweza kuruhusu breka ishike katika hali hiyo, lakini lazima ziambiwe wazi. Kwa kawaida upande huhesabiwa umekufa msongo ukiwa chini ya asilimia 20 au 30, na huhesabiwa hai ukiwa juu ya asilimia 80 hivi. Katikati ya hapo rilei ikatae.

Hapa pana roho za watu. Kama gridi iko hai na upande wa kijiji umekufa, ni sawa kuruhusu kijiji kipate umeme. Lakini kama kijiji kiko hai na laini ya gridi imekufa, rilei isiruhusu. Huenda fundi wa laini yuko juu ya nguzo, anaamini hakuna umeme. Mtambo wetu utamuua.

Na hatari nyingine imejificha. Rilei haiuoni umeme wenyewe. Inaletewa habari na transfoma ndogo ya kupimia, yenye fyuzi. Fyuzi hiyo ikiungua, rilei inaona upande umekufa, kumbe uko hai! Inaweza kuruhusu pande mbili zilizo hai zikutane bila kulinganishwa. Kwa hiyo mwulize fundi: "Fyuzi ya kupimia ikiungua, rilei itajua?" Rilei iwe imefungwa namna ambayo fyuzi ikiungua, ruhusa inazuiwa.

MAMBO AMBAYO MLINZI HAYAONI

Laini ina nyaya tatu. Rilei nyingi hutazama waya mmoja au jozi moja tu kila upande. Kama nyaya zingine mbili zimepishana upande mmoja, rilei haitajua. Itasema ndiyo, na mtambo utavunjika. Ndiyo maana siku ya kwanza, na kila mara nyaya au transfoma zinapoguswa, mpangilio wa nyaya zote tatu upimwe kwa chombo.

Vile vile transfoma nyingi husogeza pembe kwa digrii 30. Kama rilei inapima upande mmoja kabla ya transfoma na upande mwingine baada yake, fundi lazima ahesabu digrii hizo. Asipozihesabu, rilei itaruhusu mahali pabaya na kukataa mahali pazuri.

KAMATI YA KIJIJI IFANYE NINI?

1. Mipaka yote iandikwe kwenye daftari la mtambo, pamoja na sababu zake, tarehe na jina la fundi.

2. Swichi ya kuiruka rilei ifungwe kwa kufuli. Ufunguo asikae nao mwendeshaji wa zamu.

3. Rilei ikikataa mara nyingi, msiiruke. Iteni fundi. Ama mtambo hautulii, ama mipaka haifai. Yote mawili yanatibika.

4. Wakati wa kuunganisha, mwenye mashine ya kusaga aambiwe asubiri. Dakika 5 za kusubiri ni rahisi kuliko shafti mpya.

5. Watu wote, hata watoto, waelezwe kwamba waya ulioanguka usiguswe hata kama taa zimezimika. Mahali penye mtambo na gridi, umeme unaweza kutoka upande wowote.

Mlinzi wa swichi hali wala halali. Lakini anafuata mipaka aliyopewa, mizuri au mibaya. Kazi ya kumpa mipaka mizuri ni yetu sisi wenye mtambo, tukiwa pamoja na fundi wetu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mambo gani matatu hulinganishwa kabla ya mtambo kuunganishwa na gridi?

2. Kwa nini mlinzi mkali mno naye ni hatari?

3. Tofauti ya kasi ikiwa hezi 0.2, pembe hubadilika digrii ngapi kwa sekunde? Zidisha 0.2 kwa 360.

4. Nani anashika ufunguo wa swichi ya kuiruka rilei kijijini kwenu?